Umeikagua baiskeli, je, mwili wako?

Ukipita barabara ya Kitale kuelekea Endebess siku ya Jumamosi alfajiri, huenda ukakutana na watu wazima wapatao kumi wakikanyaga baiskeli kwa safu moja, pumzi zao zikitoka kama moshi kwa sababu ya baridi ya huku kwetu. Si wauza maziwa wala wabeba kabeji. Ni walimu, makarani, wenye maduka na mchungaji mmoja, wote wamevaa kofia ngumu na zile kaptura za kubana ambazo mke wangu aliapa hatazianika mbele ya wageni.

Mimi ni mmoja wao. Nina umri wa miaka 54, nafundisha katika shule ya upili, na kwa miaka sita sasa nimekuwa mgonjwa wa baiskeli. Nasema mgonjwa kwa kuwa anayetumia pesa za mbolea kununua gia kuukuu hawezi kuitwa mzima. Lakini leo, msomaji, sikukusudia kukuchekesha. Nataka kukueleza jambo ambalo sisi waendeshaji wenyewe hatupendi kulisikia, nalo ni kwamba twaitunza baiskeli kuliko tunavyomtunza anayeikalia.

Kwanza niitetee baiskeli, ili asije mtu akasema naipiga vita.

Sisi tuliozaliwa upande wa Kimilili na Chwele tulilelewa na baiskeli. Baba yangu alikuwa na ile nyeusi, nzito, yenye breki za vyuma, ambayo kote nchini iliitwa Black Mamba. Alibebea mahindi, alimbebea mama kwenda zahanati, na siku moja alibebea jeneza la mtoto wa jirani. Hakuna aliyeita hayo mazoezi. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960 vijana walianza kuvusha abiria kwa baiskeli kutoka boda hadi boda, na ndipo likazaliwa neno boda boda ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki yote. Mjini Bungoma ungeshuka kwenye matatu ukakuta safu ndefu ya baiskeli zenye mito ya sponji kwenye keria, na kijana angekubeba hadi nyumbani huku anakusimulia habari za mpira bila kuhema.

Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, na baiskeli ikaanza kuonekana chombo cha maskini. Siwalaumu waliohama. Anayemkimbiza mgonjwa hospitalini usiku wa mvua hahitaji mahubiri kuhusu mazoezi. Lakini tazama yaliyofuata. Mwalimu aliyekuwa akienda shule kwa baiskeli sasa anapanda pikipiki hadi mlangoni mwa darasa. Karani hatembei hata mita mia tano. Chai ni ile ile yenye vijiko vinne vya sukari, ugali ni ule ule, ila miguu imestaafu.

Madaktari walijua hatari ya kukaa tangu zamani. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Waliwalinganisha madereva, walioketi siku nzima, na makondakta waliopanda na kushuka ngazi za yale mabasi ya ghorofa wakikusanya nauli. Madereva ndio waliougua zaidi ugonjwa wa moyo. Mwaka 2000 watafiti wa Denmark waliowafuatilia watu wapatao 30,000 wa Copenhagen walitangaza kwamba wale ambao hawakuenda kazini kwa baiskeli walikuwa na kiwango cha vifo kilichozidi kile cha waliokwenda kwa baiskeli kwa asilimia 39. Mwaka 2017 ukatoka utafiti mwingine wa Uingereza uliohusu zaidi ya watu 260,000, nao ukaeleza kwamba waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kupata maradhi ya moyo na saratani kuliko waliokwenda kwa gari.

Basi usiniambie kwamba baiskeli haina faida. Ninajua inayo. Shida yangu ni sisi tuliozisikia habari hizo tukadhani tumepewa hati ya kutokufa.

Nilipoanza, nilinunua baiskeli ya mlimani ya mitumba, yenye matairi mapana na gia 21, ambazo kwa hakika zilikuwa zikifanya kazi 9 tu. Hapo ndipo nilipoingia katika dunia ya mafundi. Nina fundi wangu mjini Bungoma, mzee mwenye banda la mabati, ambaye huweza kusikia gololi iliyovunjika kabla hata hujashuka. Hunyoosha rimu kwa kuzungusha gurudumu na kusikiliza spoki kwa kucha kama mtu anayetia sauti nyuzi za litungu. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima cheni kwa rula ya mtoto wa shule, ile yenye inchi 12 upande mmoja. Unaweka alama ya mwanzo katikati ya pini moja, kisha unahesabu pini 24. Ile ya 24 yapasa iangukie barabara kwenye inchi 12. Ikivuka alama hiyo kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha, nawe ukiendelea kuitumia itakula meno ya gia na hasara itakuwa maradufu.

Nililipenda somo hilo kupita kiasi. Kila Ijumaa jioni nilikuwa nyuma ya nyumba na rula, spana, kopo la grisi na kitambaa cha fulana kuukuu. Nikakagua raba za breki, kwani matope mekundu ya huku hula raba kama panya, na ukishuka kutoka Kapsokwony huku mvua inanyesha hutaki kugundua umebaki na chuma kitupu. Nikakagua nyaya. Nikapaka mafuta. Nikaandika katika daftari: cheni imebadilishwa tarehe fulani, tairi ya nyuma tarehe fulani. Wenzangu nao walikuwa vivyo hivyo. Tukikutana, mazungumzo yalikuwa ni gia, tairi, na nani alipanda mlima gani bila kushuka.

Miongoni mwetu alikuwapo mwenzetu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa miaka 47, mwembamba, asiyevuta sigara. Huyo ndiye aliyekuwa akituacha sote kwenye mpando. Tulikuwa tukimtania kwamba ana injini ya trekta la miwa tumboni. Alikuwa amewahi kupimwa akaambiwa ana shinikizo la damu, akapewa tembe. Alizimeza miezi mitatu hivi, kisha akaacha. Alituambia mwenyewe, tukiwa tumekaa Kamukuywa tunakula ndizi, kwamba hana haja ya dawa kwa kuwa anakanyaga kilomita 100 kwa wiki. Tulicheka. Mmoja wetu akasema, "Dawa ni ya wale wa matatu." Msemaji huyo alikuwa mimi.

Jumatatu moja asubuhi alikuwa akifungua duka lake. Kufuli ilimwanguka mkononi. Alipoinama kuiokota, mkono wa kulia haukumtii, na alipotaka kumwita kijana wake wa dukani, maneno yalitoka yamekorogeka kama ya mlevi. Waliomwona wa kwanza walidhani alikuwa amelewa kweli, na zikapotea saa mbili kabla ya mtu kupata wazo la kumpeleka hospitalini. Kilikuwa kiharusi. Leo anaweza kutembea kwa fimbo na kuzungumza polepole. Baiskeli yake imetundikwa ukutani, cheni yake safi.

Mimi nilirudi nyumbani kutoka kumtazama wodini nikafungua droo. Ndani yake mlikuwa na tembe zangu za presha, zile nilizopewa miezi mitano kabla, pakiti mbili hazijaguswa.

Kesho yake nilikwenda kituo cha afya. Muuguzi, mama wa makamo anayewajua nusu ya wanafunzi wangu, alinikalisha, akanifunga kile kitambaa mkononi, akatazama mashine, akaniacha nipumzike dakika chache, akapima tena. Ilikuwa 172 kwa 104.

"Mwalimu," aliniuliza, "dawa ulizopewa zi wapi?"

"Zi kwenye droo, mama."

"Kwani droo ndiyo inayougua?"

Sikuwa na jibu. Miezi yote hiyo nilikuwa najua cheni yangu imevutika kwa kiasi gani, lakini sikuwa najua damu inasukuma kuta za mishipa yangu kwa nguvu gani. Nilikuwa na daftari la tairi, sikuwa na daftari la presha.

Nieleze kwa nini baiskeli ilinidanganya, kwani huenda inakudanganya nawe. Mtu mwenye shinikizo la damu akifanya mazoezi kwa bidii na kwa mpango, kipimo chake cha juu huweza kushuka kwa takriban nambari 5 hadi 8. Hiyo si faida ndogo. Lakini fanya hesabu: aliye na 172 akiondoa 8 anabaki na 164, na mpaka ambao madaktari wengi huutumia kusema mtu ana ugonjwa huo ni 140 kwa 90. Baiskeli imemsaidia, haijamfikisha. Zaidi ya hayo, nafuu hiyo ni ya kukodi. Ukiacha kuendesha kwa wiki kadhaa za mvua, au mitihani ya shule ikikubana, inarudi ilikotoka.

La pili ni kwamba presha haiumi. Goti likiumia utalijua kabla hujafika Kiminini. Presha hukaa kimya miaka mingi huku inachakaza mishipa ya moyo, figo, macho na ubongo, nawe unapanda mlima na kujipiga kifua. Kujisikia vizuri si kipimo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini maradhi haya hata mwenyewe yamemfichika, hivyo hana la kuficha.

Najua mtanijibu nini, maana yote niliyasema mimi kwanza. Mtasema, ukianza dawa za presha huachi. Ni kweli kwamba wengi huzitumia maisha yao yote. Lakini hata kupaka cheni mafuta huachi, na sijasikia mtu akilalamika kwamba amefungwa na kopo la mafuta. Daktari anaweza kupunguza dozi kipimo kikikaa vizuri kwa muda mrefu, na mazoezi na kupunguza chumvi humsaidia kufanya hivyo. Huo ni uamuzi wake akiwa na nambari mbele yake. Si uamuzi wako ukiwa juu ya kilima.

Mtasema pia, na hili husemwa kwa sauti ya chini, kwamba dawa hizo huua nguvu za kiume. Hapa tuseme ukweli wote. Baadhi ya dawa za presha huweza kuleta shida hiyo kwa baadhi ya wanaume. Lakini presha yenyewe isipotibiwa huharibu ile mishipa midogo inayohusika, kwa hiyo anayekimbia dawa akidhani anaokoa ndoa huenda anafanya kinyume. Dawa ziko za aina nyingi. Ukiona tofauti, rudi useme, ubadilishiwe. Wanaume wa Bungoma na Trans Nzoia, nawajua, tuko tayari kumweleza fundi kila mlio wa baiskeli lakini mbele ya daktari twasema "niko sawa tu".

Na kwa kuwa tumefika kwenye jambo hilo, nimalize na uvumi mwingine, wa kwamba kiti cha baiskeli hukausha uzazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliowalinganisha wanaume waendeshao baiskeli na wale wanaoogelea na kukimbia, haukuona kwamba waendesha baiskeli wana hali mbaya zaidi katika mambo ya ndoa. Ulichoona ni kwamba hufa ganzi zaidi sehemu za siri. Ganzi ni ishara, usiipuuze. Mara nyingi kiti kimeinuka pua au kiko juu mno. Keti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka bila kiuno kuyumba. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo panapofaa. Kisha simama juu ya pedeli kila baada ya dakika chache, damu ipite. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti ni kifupi. Likiuma nyuma, ni kirefu. Kwa kazi ya dakika mbili na spana moja umeokoa pesa nyingi za dawa za maumivu.

Hizo dawa za maumivu nazo nina neno nazo. Katika safari ndefu nimewaona wenzangu wakimeza diclofenac na ibuprofen kabla ya kuondoka, kama mtu anayejaza tangi. Msomaji, dawa za jamii hiyo huweza kupandisha presha, na ukiwa umekaukiwa na maji baada ya saa tano juani huweza kuumiza figo. Mwenye presha asizizoee bila ya daktari kujua.

Sasa nikueleze kuhusu ile safari yetu kubwa, kwani ndiyo iliyonifunza mengine. Kitale iko kwenye kimo cha takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma kama mita 1,400. Maana yake ni kwamba mtu wa Kitale akienda Bungoma kwa baiskeli, iwe kwa kupitia Kimilili na Chwele au kwa kupitia Webuye, hujiona bingwa. Upepo uko usoni, mashamba ya mahindi yanageuka kuwa ya miwa, gia kubwa inanguruma. Ni zaidi ya kilomita 70. Anafika, anakunywa soda, anapiga picha. Halafu inambidi arudi nyumbani, na nyumbani ni juu.

Mara ya kwanza nilijaribu kwenda na kurudi siku moja nikiwa nimekunywa chai na mkate tu. Nilipopita Kamukuywa nikirudi, miguu ilianza kutetemeka, jasho baridi likanitoka, na nikajikuta nimekaa kando ya barabara nikimtazama ng'ombe bila kukumbuka ninakokwenda. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi alinipa mbili, na kipande cha sukari nguru alichokitoa kwenye kitambaa, akakataa pesa. Baada ya robo saa nilikuwa binadamu tena. Sukari ilikuwa imeniishia mwilini. Ukienda safari inayozidi saa moja na nusu, kula kabla hujasikia njaa: ndizi mbivu moja kila nusu saa inatosha watu wengi, na sukari nguru yetu ya Bungoma haina cha kuonea haya mbele ya zile pakiti za ng'ambo zinazouzwa bei ya kuku. Lakini ikiwa wewe ni mgonjwa wa kisukari unayejidunga insulini au kumeza tembe za aina ya glibenclamide, habari hii ni nzito zaidi kwako. Dawa hizo na mazoezi marefu huvuta sukari chini kwa pamoja. Zungumza na wanaokutibu kuhusu dozi na chakula kabla hujaondoka, pima kama una mashine, na usiende peke yako.

Maji nayo yana pande mbili. Anayetumia tembe za presha zinazomfanya akojoe sana hupoteza maji na chumvi haraka kuliko wenzake, basi jua la mchana si rafiki yake. Lakini kunywa kupita kiasi nako kumeua. Katika mbio za Boston za mwaka 2002 mkimbiaji wa miaka 28 alifariki baada ya chumvi ya damu yake kushuka mno, na kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa siku hiyo, asilimia 13 walikuwa na upungufu huo. Kunywa ukisikia kiu. Usijilazimishe chupa baada ya chupa kwa sababu mtu fulani alikuambia.

Vijana wataniambia kwamba haya ni maneno ya wazee, kwamba wao wanataka mashindano. Nami nafurahi. Nchi hii imeanza kuwa na jina katika baiskeli. David Kinjah alikuwa akiwafunza vijana karibu na mji wa Kikuyu alipomlea Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne kati ya mwaka 2013 na 2017. Tangu mwaka 2021 pamekuwa na mashindano ya Migration Gravel Race kule Maasai Mara, siku nne za vumbi na mawe, ambako vijana wetu wamepimana nguvu na Wazungu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Lakini mchezo huu hauna huruma. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alifariki tarehe 27 Agosti 2022 akiwa na miaka 33 tu, baada ya kuanguka kwa kasi katika mashindano ya Vermont Overland nchini Marekani. Nilimfuatilia mtu huyo kwa miaka mingi. Siku hiyo hatukuendesha. Tulikaa tu mahali petu pa kukutania na baiskeli zimelala kwenye nyasi.

Kinachonikera ni kuona mtu wa miaka 45, aliyekaa kwenye kiti cha ofisi kwa miaka 20, akinunua baiskeli Jumatano na kujiandikisha kwa mbio za kilomita 100 za mwezi ujao, kwa kuwa jirani yake alifanya hivyo. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Ni kwenda kazini na kurudi. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo dawa. Mbio ndefu ni starehe, na starehe yataka kibali cha mwili. Ukiwa na zaidi ya miaka 40, au una presha, kisukari, unene, au mzazi wako alianguka kwa moyo mapema, mwone daktari kwanza. Na ukiwa njiani ukasikia kifua kinabana, au maumivu yanashuka mkononi au kupanda hadi tayani, au kizunguzungu, au pumzi inakata kuliko kawaida yako, shuka. Usingoje kufika kileleni ili wenzako wasikucheke. Ukiona mwenzako uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea au maneno yanakorogeka, usimnuse kinywa kutafuta pombe. Tafuta gari.

Kuhusu barabara nitasema kidogo, maana ningeanza nisingemaliza. Kutoka Webuye hadi Bungoma unagawana lami na malori ya Malaba na matrela ya miwa, na ukingo wa barabara mahali pengi umemegeka kama mkate. Viongozi wetu wakijenga barabara hukumbuka magari, kisha magari, kisha mabango yao. Mtu anayeogopa kukanyagwa hawezi kulaumiwa kwa kupanda pikipiki. Ndiyo sababu sisi hupenda njia za vumbi za Saboti na Kaptama, ambako hatari kubwa ni mbwa.

Kipimo chenyewe si kigumu, wala si cha matajiri. Karibu kila kituo cha afya kina mashine, maduka mengi ya dawa pia, na tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini walianza kupewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Huenda mmoja ni jirani yako. Ila usiende umetoka moja kwa moja kwenye baiskeli. Usiwe umekunywa chai au kahawa, kuvuta sigara wala kufanya mazoezi kwa nusu saa kabla. Nenda msalani kwanza. Keti dakika tano umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze. Pima mara mbili. Kikiwa juu, rudi siku nyingine upimwe tena kabla ya kukata tamaa au kukata shauri. Kikiwa juu sana, kama 180 kwa 120, na una maumivu ya kifua, kichwa kinachouma vibaya au macho yanayofifia, hiyo si ya kurudi siku nyingine. Ni ya hospitali saa hiyo hiyo.

Mimi sasa namaliza mwezi wa kumi na nne na tembe zangu. Nazimeza asubuhi, kabla ya chai. Mara ya mwisho nilipopimwa ilikuwa 134 kwa 84, na muuguzi yule alinitazama akasema, "Droo imepona." Nilimwambia fundi wangu kisa hicho nilipompelekea gurudumu la nyuma. Alicheka sana, kisha akanyamaza, akafuta mikono yake yenye grisi na kuniuliza kama mashine hizo hupima hata watu wa umri wake, na kama ni lazima avue koti. Tulifunga banda tukaenda pamoja. Yake ilikuwa 158 kwa 96, ya kwanza kupimwa katika miaka yake 61, na Jumatano ijayo anarudi kupimwa tena.